Tone Moja Kwenye Boksi

Jumatatu, 3 Machi

Mkutano wa ushirika wa boti ndogo. Waendeshaji tisa, na mimi mkata tiketi nikiandika muhtasari. Mama Mwenyekiti kasema imetosha: kila boti iwe na redio ya upepo ya kuitana, ya mkononi, isiyoingia maji, ya bei tunayoimudu. Chanzo ni shemeji. Mwezi uliopita injini ilimzimikia katikati ya maji, simu ikalowa, akaelea nusu siku hatujui yuko wapi. Mke wangu alikaa gatini siku ile bila kula. Hana kaka mwingine.

Atakayeleta redio bora kufikia Jumamosi atakuwa Msimamizi wa Usalama. Kofia ya njano na filimbi! Fundi wa injini kanyoosha mkono. Nami nikanyoosha, wangu juu zaidi. Fundi akacheka kidogo. Hilo sikuliandika kwenye muhtasari, lakini nimeliweka moyoni.

Jumanne, 4 Machi

Fundi kaleta redio yake. Ya njano, nene, ina kamba ya kuvaa mkononi. Kaitumbukiza kwenye pipa la maji. Ikazama, ikaibuka yenyewe, ikaelea huku inaongea. Waendeshaji wakapiga makofi kana kwamba kaizaa yeye.

Kisha maelezo. Eti kuna redio ya kustahimili manyunyu na redio ya kustahimili kuzama, tusichanganye. Eti iliyo nzima chini kabisa ya maji haimsaidii mtu, kwa hiyo bora inayoelea. Eti kitufe kiwe kikubwa, kidole kilicholowa kikipate upesi. Domo! Nikauliza bei. Akataja. Makofi yakakatika. Hapo ndipo nilipouona upenyo.

Jumatano, 5 Machi

Nimeipata! Duka la vifaa vya umeme nyuma ya stendi. Ndogo, nyeusi, inang'aa, nusu ya bei ya Fundi. Nilimwuliza muuzaji kama haiingii maji. Akanionyesha boksi: pana picha ya tone la maji. Ushahidi gani tena?

Nikampelekea Mama Mwenyekiti. Fundi akalichukua boksi, akaligeuza pande zote, akasema, "Tone moja maana yake tone moja." Watu wakacheka mpaka kushika mbavu. Wivu tu.

Nyumbani nimeijaribu kwenye karai la kufulia. Ikakoroma, ikanyamaza. Nimeianika dirishani kando ya soksi.

Alhamisi, 6 Machi

Imefufuka! Mke wangu kanisihi niirudishe dukani kabla sijaumbuka. Nimemweleza kwamba tatizo si redio, tatizo ni maji. Dawa yake ni kuyazuia. Mifuko miwili ya plastiki nzito, mmoja ndani ya mwingine, halafu vipande viwili vya tyubu ya baiskeli vimeizunguka, vimekazwa hasa. Karai tena, dakika kumi. Kavu! Na kwa ile hewa ya ndani, inaelea. Fundi kwisha habari yake.

Mke wangu kauliza mtu atabonyezaje kitufe juu ya mifuko miwili. Nimemwambia atabonyeza kwa nguvu.

Ijumaa, 7 Machi

Ratiba ya kesho imebandikwa. Asubuhi redio ya Fundi itapanda boti ya shemeji, ofisi isikilize kwa redio kubwa ya mezani. Mchana zamu yangu. Mke wangu naye atapanda boti hiyohiyo ya asubuhi, anakwenda kumjulia hali shangazi yao ng'ambo.

Fundi asiuone mfuko kabla ya wakati. Nitaaga kwamba nakwenda kunyoa, kumbe niko stoo ya maboya, nimejifungia, nafanya mazoezi ya hotuba ya kupokea kofia. Hotuba ina kurasa sita.

Jumamosi, 8 Machi

Naona aibu hata kwa daftari. Nitaandika hivyohivyo.

Saa tatu na nusu nilijifungia stoo. Nikaiwasha redio kwenye masafa ya ofisi, nikaifunga kwenye mifuko, nikaongeza kipande cha tatu cha tyubu, kwa usalama. Nikaanza hotuba. Nilimsifu Mama Mwenyekiti kwa uongozi wake, nikaongeza pembeni kwamba kofia yake ya majani ni kapu tupu. Nilimwita Fundi bomba la moshi. Niliimba kidogo. Stoo ilikuwa kimya mno, nikaacha karatasi, nikajikuta nasema ya moyoni: kwamba mimi mkata tiketi wa boti sijui kuogelea. Kwamba naogopa hata maji ya ndoo. Kwamba siku ile shemeji alipopotea nililia humuhumu stoo, uso nimeukandamiza kwenye boya nisisikike, maana sikujua ningemwambia nini dada yake.

Saa tano na robo mlango ukavunjwa. Fundi! Akatoa kisu, akakata tyubu. Kile kipande cha tatu kilikuwa kimekikalia kitufe cha kuzungumzia tangu nilipokifunga.

Papo hapo, ndani ya mfuko, sauti ya shemeji ilisema, "Jamani, kuna mtu ananisikia sasa?"

Injini ilikuwa imemzimikia tena, tangu saa nne. Abiria kumi na mmoja, mmoja wao mke wangu. Kila alipoita, ofisi ilinisikia mimi. Yeye na abiria walipotega sikio wapate jibu, nao walinisikia mimi. Fundi alikuwa amenitafuta kwa vinyozi wote watatu wa mtaa, kwa sababu niliaga kwamba nakwenda kunyoa, mpaka nilipojitaja mwenyewe kwamba niko stoo.

Boti mbili zikatoka mbio. Nilisimama gatini, nahesabu vichwa kwa mbali na kukosea. Wakarudi wakivutwa kwa kamba. Salama, wote. Abiria wakashuka mmoja mmoja wakinitazama. Mzee mmoja alikuwa anaimba wimbo wangu. Mama Mwenyekiti alikuwa ameivua kofia yake, ameishika nyuma ya mgongo.

Mke wangu akashuka wa mwisho. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza. Akasema, "Mwezi mzima tuko nyumba moja, na hukuniambia ulilia." Basi. Akanishika mkono mbele za watu mpaka nyumbani, shemeji nyuma yetu akicheka kwa kwikwi.

Jumapili, 9 Machi

Fundi kapewa kofia na filimbi. Haki yake, nakiri. Zitanunuliwa zile za njano, kidogo kidogo, mpaka zienee boti zote tisa. Nilimwendea kumwomba radhi. Akanipa mkono, akasema bomba la moshi limesamehe. Mtu mwema, nikaguswa. Nikamkumbusha tu, kwa ajili ya kumbukumbu, kwamba redio yangu ilitangaza saa moja na dakika arobaini na tano mfululizo bila betri kuyumba, jambo ambalo ya kwake bado haijathibitisha. Akaurudisha mkono wake.

Nimepigwa marufuku kugusa redio ya ushirika. Muhtasari niliuandika mimi mwenyewe, na neno lililomo ni redio. Maboya hayakutajwa. Na maboya yetu yamechakaa, nayajua vizuri, nimeyalilia. Nimepita tena lile duka la nyuma ya stendi. Wana maboya ya kuvaa, nusu bei! Nikamwuliza muuzaji kama yanaelea. Akanionyesha lebo: mtu kavaa boya, kasimama majini, anatabasamu. Maji yanamfika magotini.

Ushahidi gani tena?