Nguruwe wa Julai

Harlem, Jumatatu, 8 Novemba 1926

Barua ya baba imefika. Fupi, kama yeye. Kama hadi Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa mwezi huu, sijachapishwa popote, nirudi New Haven nikashike kiti cha pili katika duka lake la kinyozi. Miaka thelathini ananyoa maprofesa wa kizungu, na kiti kile kinanisubiri mimi, Alonzo Prewitt, mwandishi. Namshukuru kwa kuniwaza. Siendi ng'o.

Bahati ipo. Ijumaa anakuja maktabani Bibi Wetherell, mhariri mzungu wa jarida moja la katikati ya jiji. Atatusikiliza waandishi weusi, achague hadithi au shairi moja la kuchapisha. Anataka moyo halisi wa mtu mweusi wa Kusini, eti: udongo, jasho, pamba. Mimi ni mzaliwa wa Kaskazini, Kusini sijafika. Udongo niliowahi kuushika ni wa vyungu vya maua vya mama. Hakuna neno. Kuanzia leo nimezaliwa Georgia.

Jumatano, 10 Novemba

Hadithi imekwisha! Siku ya kuchinja nguruwe, shambani, katikati ya Julai. Jua linawaka, babu anaimba, watu wametota jasho, na nyama inaning'inizwa chini ya mti wiki nzima ili majirani waje kuitamani. Nimejiliza mwenyewe mara mbili.

Jioni nikafanyia mazoezi lafudhi ya Kusini jikoni. Mama mwenye nyumba, Bi. Odessa Gaither, ambaye ndiye wa Georgia hasa, akaniuliza jino linaniuma upande gani. Nikamwonyesha kulia. Akaniwekea karafuu. Ana moyo wa dhahabu mama huyu. Nalala na karafuu yangu.

Mpinzani wangu ni Cato Ledbetter wa chumba cha juu, mhudumu wa treni. Kazaliwa Alabama kwenye pamba yenyewe, na mashairi yake yote ni ya theluji na miungu ya Wagiriki. Mwenye meno hana nyama, kweli.

Ijumaa, 12 Novemba

Niandike upesi kabla aibu haijapoa.

Ukumbi ulijaa. Bibi Wetherell mbele, kofia kubwa. Nyuma, akina mama wa kanisa, wote wa Georgia na Carolina, waliokuja kwa ajili yangu kwa sababu Bi. Gaither aliwaambia. Nikasoma. Nilipofika kwenye Julai nikasikia watu wanakohoa. Nikadhani wameguswa. Nilipoining'iniza nyama wiki nzima, ukumbi ukaangua kicheko. Cato alikuwa ameuma leso.

Mzee mmoja wa Macon, hukohuko Georgia, akasimama, kwa adabu kabisa, akaomba kujua waliokula nyama ile walizikwa wapi. Kumbe Kusini nguruwe huchinjwa baridi inapoingia, Desemba, ili nyama isioze kabla ya kutiwa chumvi. Hata mtoto anayetambaa anajua. Mimi nina cheti cha Kilatini.

Bi. Gaither akainuka. Nikajua leo ananimaliza. Badala yake akawageukia wenzake akasema, "Huyu ni mtoto wa nyumbani kwangu. Mwacheni amalize, kisha mcheke." Nikamaliza. Wakacheka.

Bibi Wetherell alikuwa analia. Alisema aliisikia harufu ya ile nyama. Mzee wa Macon akasema hata yeye. Basi ikabidi mtu amweleze yule bibi, na uso ukambadilika. Akaniuliza kama kweli mimi ni wa Georgia. Nikasema kwa sehemu. Sehemu gani? Nikasema ile ya kaskazini, kaskazini sana. Amenipa hadi Jumatatu nilete kitu cha kweli, la sivyo anachukua theluji ya Ledbetter.

Jumapili, 14 Novemba

Nilikuwa nafunga sanduku. Bi. Gaither akaja mlangoni na vazi lake la kanisani, akaniuliza naenda wapi na viazi havijamenywa. Nikamfuata jikoni. Nikamenya. Akaanza kusimulia bila kuombwa.

Akasema wakishamaliza pamba, baridi ikiuma, nyumba saba zinakusanyika. Maji yanachemka kwenye pipa tangu alfajiri. Wanawake kwenye utumbo, na huko ndiko umbea wa mwaka mzima unakosafishwa. Kila mtu anaondoka na kipande, hata aliyekuja kuangalia tu. Lakini kwanza anapita mzungu mwenye shamba, anachagua mapaja yote, anaondoka nayo, na wakati anachagua hakuna anayezungumza. Mwaka mmoja mumewe, marehemu Ezra, alilificha paja moja ndani ya shati lake. Usiku huohuo wakapanda treni ya kuja huku. Mpaka New York behewa zima lilinuka moshi na nyama, na Ezra hakuvua koti siku mbili. Akaniambia ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kula paja.

Akacheka. Mimi nikashindwa. Nililia juu ya viazi, na sioni haya kuandika.

Niliandika kila neno kama alivyolitamka. Cato akateremka, nikadhani kaja kunicheka. Akaipiga chapa yote kwa mashine yake hadi jioni, adui yangu mwenyewe, na akanisahihisha jinsi chumvi inavyopakwa. Ila juu kabisa, bila kuniuliza, akaandika: Imesimuliwa na Odessa Gaither, imeandikwa na Alonzo Prewitt. Nilikuwa na mawazo mengine kuhusu mstari huo. Nyumba nzima haikuwa na kifutio.

Jumatano, 17 Novemba

Imekubaliwa! Bibi Wetherell amesema hajawahi kusoma kitu cha Kimarekani zaidi ya hicho. Bi. Gaither alipoambiwa alishangaa wazungu hawa, kwani ni nyama tu. Kisha akaibandika barua ukutani, juu kidogo ya picha ya Ezra, na akakaa akiitazama muda mrefu.

Nimemwandikia baba. Sirudi. Namshukuru Mungu, namshukuru Bi. Gaither, namshukuru hata Cato, ambaye leo nimempa soksi zangu nzuri. Sikujua kwamba mtu anaweza kuchekwa na ukumbi mzima Ijumaa na Jumapili akaandaliwa chakula na walewale, akina mama wa kanisa, jikoni kwa Bi. Gaither.

Alhamisi, 18 Novemba

Bi. Gaither kanipa ushauri: niandike ninachokijua. Akasema, maprofesa wale, wananena nini wakinyolewa na baba yako, wakidhani hakuna anayesikia? Nikamwambia wananena mengi, ya kutisha, nayajua yote kwa moyo, lakini nani atasoma habari za kinyozi mweusi wa New Haven? Akaniangalia sana, akarudi kwenye sufuria.

Lakini somo nimelipata barabara. Kosa langu lilikuwa kuchagua Georgia, mahali ambapo nusu ya Harlem inatoka. Leo nimepita chumba hadi chumba nikiuliza kila mpangaji kwao ni wapi. Nimeuliza na kanisani. Hakuna hata mmoja wa Wyoming.

Riwaya imeanza. Shujaa ni mchunga ng'ombe mweusi wa nyika za Wyoming, mtoto halisi wa nchi hii. Sura ya kwanza anaamka alfajiri, anamkamua fahali wake. Kurasa nane, bila kusita.