Anayeanguka Abaki Ameanguka

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Mchezo wa Kukimbia Juu ya Mapaa.

Ndugu Mkurugenzi,

Kwanza pole na kazi. Mimi ni fundi wa kuezeka mapaa, miaka thelathini na mmoja kazini, na sasa mwaka wa pili kitini kwa sababu ya nyonga, ambayo nitaieleza mahali pake. Binti yangu wa mwisho ndiye aliyeniletea mchezo wenu pamoja na mashine yake. Akaunganisha nyaya kwenye runinga, akanikabidhi pedi ya kubonyeza, akasema, "Baba, angalau sasa utatulia." Sijatulia. Ninaandika nikiwa na akili zangu timamu, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mabomba. Mkimbiaji wenu anapanda hadi ghorofa ya tisa kwa kukumbatia bomba la maji ya mvua. Bomba hilo nimelikagua. Nilisimama chini yake dakika nzima huku walinzi wakinimiminia risasi, na halina kibano hata kimoja cha kulishika ukutani. Bomba lisilo na vibano halibebi hata paka. Niliuawa pale pale nikiwa nakagua, lakini hoja yangu bado ni nzima.

2. Mwili. Kwa kuwa mmeamua tuone kila kitu kwa macho ya mkimbiaji mwenyewe, mimi naona mikono tu, tena mikono laini ya mtu ambaye hajawahi kupiga msumari. Miguu siioni mpaka niiname, na nikiinama huwa nimeshapita ukingo. Fundi hukanyaga kwa kuhisi: unaisikia mbao chini ya bati, unajua hapa pananibeba, hapa hapanibebi. Ninyi mmenipa macho mkaninyima nyayo. Tena kitufe cha kuruka kiko jirani na cha kuchuchumaa, na kidole gumba changu kilizoea nyundo. Mara kumi na sita nimefika ukingoni kwa kasi ya kutisha, nikachuchumaa.

3. Ngazi. Katika mji wenu wote hakuna ngazi hata moja ya kuegemeza. Hapa naomba unisikilize vizuri. Siku niliyoanguka nilikuwa nimemaliza paa la jiko katika nyumba moja, limebaki la stoo. Kati ya mapaa hayo palikuwa na nafasi ya hatua moja na nusu ya mtu mzima. Utaratibu ni kushuka, kuhamisha ngazi, kupanda tena. Mke wangu, aliyekuwa ameniletea chakula, alisimama chini akasema, "Shuka uhamishe ngazi, baba watoto." Nikamjibu, "Hapa naruka tangu hujanijua." Nikaruka. Ndugu Mkurugenzi, mchezo wenu wote, mwanzo hadi mwisho, ni habari ya mtu asiyehamisha ngazi.

4. Utamu. Silalamiki kwamba mchezo ni mbaya. Nalalamika kwamba ni mtamu. Upepo unavuma masikioni, njiwa wanatimka, na mji unaonekana kwa juu kama ninavyoujua mimi: matangi ya maji, nguo zilizoanikwa, migongo ya nyumba ambayo wenye nyumba hawajapata kuiona. Nimeikumbuka kazi yangu mpaka nimejionea aibu. Mke wangu anapita sebuleni uso kaugeuzia ukutani. Tangu siku ile hataki nipande hata stuli kubadilisha balbu. Anapanda mwenyewe, mimi nashika stuli.

5. Kuanguka. Hili ndilo limenikaa kooni. Kuna mruko wa kutoka paa la ghala kwenda kwenye mkono wa kreni. Nimeanguka hapo mara arobaini na mbili. Kila mara kiza kidogo, mfupa unalia kra, halafu narudishwa hatua tatu nyuma, mzima wa afya, tayari kurudia ujinga ule ule. Mimi niliporukia stoo hakuna aliyenirudisha hatua tatu. Ningezipokea kwa mikono miwili. Hata moja ingenitosha.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mchezo urekebishwe: anayeanguka abaki ameanguka. Runinga imwonyeshe dari kwa wiki kumi na moja, na dari hiyo iwe na doa la maji. Majirani waje kumpa pole, kila mmoja na habari ya mtu wake aliyeanguka akafa. Kitufe cha kuruka kigeuzwe kuwa cha kuomba beseni. Na mke akae pembeni na kijiko cha supu, asiseme hata mara moja, "Nilikwambia." Hilo la mwisho mlitengeneze kwa uangalifu, maana linauma kuliko nyonga.

Natumaini mtalishughulikia kabla fundi mwingine hajajisahau. Nisalimieni wote hapo ofisini, mlinzi wa getini na wapishi wa chai, na huyo aliyechora njiwa. Mwambieni mabawa ameyapatia.

Mteja wenu mwenye nyonga moja nzima,
Fundi wa Mapaa (mstaafu bila kupenda)

Nyongeza: Nilimpa mke wangu barua hii aisome kabla sijaifunga. Alifika namba tano, akaiweka mezani, akaja kukaa nami kwenye kochi, jambo ambalo hajawahi kulifanya mashine ikiwa imewashwa. Akasema, "Hebu nionyeshe hiyo kreni." Nikakimbia. Ukingoni kidole kikasita, naye akanishika goti, akapaza sauti, "Ruka sasa, baba watoto! Ruka!" Nimefika, Ndugu Mkurugenzi. Tulipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Basi namba mbili hadi tano nazifuta, na zile hatua tatu msiziguse kabisa. Ila mabomba yafungeni vibano upesi, maana sasa hivi pedi anayo yeye, na yuko ghorofa ya sita.