Nyota Yetu Imeganda Barafu

Jumamosi, 28 Juni 1958. Honokaa.
Ukungu umeingia hadi kitandani. Nimeota maseneta wanatoka baharini mmoja mmoja, wamelowa chepechepe, wote wananiamkia. Dalili njema! Nikaamka nikapaka rangi kibao cha duka: KINYOZI WA JIMBO LA 49. Majimbo arobaini na nane yamo tayari kwenye muungano wa Marekani. Linalofuata ni sisi, visiwa vya Hawaii. Tamashiro, muuza barafu ya kukwangua ng'ambo ya barabara, ameuliza kama nimehesabu vizuri. Wivu.

Jumapili, 29 Juni.
Bendera karibu iishe. Nyota saba mara saba, kila jimbo na nyota yake. Nimezishona mwenyewe, ndiyo maana nyingine zina pembe sita. Imebaki moja, ya kwetu. Nimemwomba Tutu Haliaka, mama mkwe wangu, aishone yeye. Mkono wake unajulikana kisiwa kizima. Amekataa. Anasema alikuwa binti mdogo bendera ya ufalme wetu iliposhushwa Honolulu, ikapandishwa ya Wamarekani. Mama yake akaishona upya juu ya mfarishi, blanketi la kushonwa, wakawa wanalala chini yake, naye analala chini yake hadi leo. Inamtosha. "Mkwe, ni mwenye nyumba gani anayebisha hodi kwake mwenyewe?"
Kisha, kwa upole uleule: siku kitambaa changu kikipanda juu ya paa lake, yeye anateremka bonde la Waipio kwa dada yake, moja kwa moja. Paa kweli ni lake. Mke wangu Pualani amesema atambebea mzigo. Nyota nimeshona mwenyewe. Pembe nne.

Jumatatu, 30 Juni.
Redio! Seneti imeipokea Alaska. Alaska ndiyo ya arobaini na tisa. Sisi tungoje.
Mteja mmoja akanieleza huku povu la sabuni limemjaa midomoni. Kule Washington wanapima kama wauza nyama: chama hiki kikipata maseneta wawili, na kile kitafutiwe wawili wake. Zamu yetu itakuja. Ila maseneta wa kusini hawataki kuketi karibu na sura kama zetu.
Ng'ambo ya barabara, sauti: "Anko Joaquim! Nyota yako imeganda barafu! Nikutilie sharubati?"
Mtaa mzima ukacheka. Hata mteja, wembe ukiwa shingoni mwake. Amepona kwa rehema za Mungu.

Jumatano, 2 Julai.
Kufuta kibao? Kamwe! Tamashiro atakuwa ameshinda. Nimeongeza chini, herufi ndogo: HONGERA ALASKA. Kumbe kisiwa hiki chote, mwenye bendera yao ni mimi peke yangu! Usiku nimeota nafagia nywele dukani, zikawa nyota, na kila nikizoa zinapungua. Sikuipenda ndoto hiyo.

Ijumaa, 4 Julai.
Sikukuu. Tutu na Pualani wakaenda kutazama gwaride. Nikapanda paani. Upepo wa mlimani ukaikunjua bendera taratibu, nyuma yake moshi wa miwa, nyuma ya moshi bahari. Nikasahau kushuka. Nilihisi nyumba yote imeng'oa nanga, inaelea kwenda kupokelewa.
"Bwana Alaska! Huko juu kuna baridi?"
Tamashiro, na bakuli la barafu. Bila sharubati.
Nilipogeuka, Tutu alikuwa tayari kwenye njia ya miwa, mfarishi kwapani. Pualani nyuma yake na chungu cha poi, rojo la magimbi. Laiti wangenitukana! Hawakugeuza hata shingo.
Jioni nimesema "chakula tayari?" kwa sauti. Nyumba tupu.

Jumamosi, 5 Julai.
Nimeishusha. Nimeteremka Waipio kwa miguu, mvua juu, magoti yanalia. Tutu alikuwa shambani, kwenye matope ya magimbi. Nilikuwa nimetunga hotuba, ikayeyuka. Nikasema tu nimeishusha.
Akauliza imechanika?
Nikasema hapana.
"Pole," akasema, akacheka hadi akashika kiuno. Pualani akaniambia nioge kwanza, ndipo niombe msamaha.
Wamenilaza chini ya mfarishi. Mzito, unanukia moshi. Nimelala kama mtoto, na ndotoni hapakuwa na seneta hata mmoja, mvua tu. Tutu amesema kesho tunarudi, ila paa lake niliache lipumzike. Nimeapa.

Jumapili, 6 Julai.
Tumerudi. Kibao nimekifuta. Tamashiro nimemwamkia mimi kwanza! Mtu mpya.
Nimeketi barazani, ukungu unapita miguuni, nikafikiri. Kosa letu ni kungojana, visiwa vyote. Hiki chetu ni kikubwa kuliko vingine vyote vikijumlishwa. Kiingie peke yake! Maseneta wawili: mmoja mimi, wa pili atanishikia mwavuli. Honokaa mji mkuu. Mpaka upite katikati ya barabara, Tamashiro abaki ugenini. Na ili Tutu asinune, tutakuwa jimbo la kwanza lenye malkia. Yeye! Kiti cha enzi nimeshamwagiza seremala.
Pualani ameficha ngazi. Si neno. Niliapa kuhusu kitambaa. Kiti kinaweza kupandishwa paani kwa kamba.