Uhakiki wa Nyungunyungu wa Bi Mwatima

Idara ya Uhakiki wa Viumbe Watendaji iliutangazia umma kwamba, kuanzia Jumatatu, hakuna kiumbe atakayehesabiwa yuko kazini Mji Mkongwe bila ya kuonekana kwa macho. Bwana Haroub, Mhakiki Mkuu, ndiye aliyeuandika waraka huo. Aliusoma mara tatu, kwa raha zake.

Alianzia skuli ya maandalizi ya Bi Mwatima, ambako watoto wamefuga nyungunyungu ndani ya sanduku la mbao wawageuzie maganda ya jikoni kuwa mbolea. Fomu ilisema mia mbili. Bwana Haroub alifunua sanduku, akavaa miwani, akangoja dakika nne kamili. Juu hapakuwa na hata mmoja.

"Watendaji hewa," alitamka.

"Wako chini, wanafanya kazi," alisema Bi Mwatima. "Jua hawaliwezi hawa."

"Bi Mwatima, waraka haukutaja chini."

Akaamuru sanduku limwagwe jaani saa sita mchana, ila kama rufaa itafikishwa mezani kwake kabla ya hapo. Watoto waliangua kilio. Bwana Haroub alikiandika kilio hicho kuwa ni kelele za kazini, akaenda zake barazani kunywa kahawa.

Saa tano na nusu alirudi ofisini. Makoti kumi na mawili yalikuwa juu ya viti kumi na viwili, kama kawaida. Lakini kila meza ilikuwa na ganda la papai, na watoto wa maandalizi walikaa sakafuni wakiyakodolea maganda macho. Bi Mwatima alishika rufaa. Kando yake alichutama Mkurugenzi mwenyewe, Bi Ummukulthum, aliyekuja ghafla kutafuta sahihi asimwone mtu.

"Mmoja katoka!" alipiga kelele Yusra, wa miaka minne.

"Kuna nini hapa?" aliuliza Bwana Haroub.

"Tumekuta hamna mtu," alisema Bi Mwatima. "Yusra kasema labda nanyi mnaogopa jua. Ndio tukakutilieni maganda."

Mkurugenzi akasimama. "Na wale kumi na mmoja wenye makoti?"

"Wapo, Bi Mkurugenzi. Wako chini."

"Chini wapi?"

"Barazani."

Rufaa ilikubaliwa hapo hapo. Bwana Haroub naye akahamishiwa skuli ya maandalizi, Kitengo cha Kukata Maganda, na mahudhurio yake anayasimamia Yusra. Mtoto hajui kuandika; siku akimwona kazini, humchorea duara. Wiki hii Bwana Haroub ana maduara mawili, na anakata rufaa.