Shimo Moja, Kazi Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Daktari kamwambia kijana wangu kwamba moyo wangu umechoka. Mimi kaniambia nipumzike tu. Nimefundisha maisha yangu yote, najua kusoma nyuso. Basi niandike ukweli mapema. Anayeaga hana faida na uongo.

Mtaa mzima hauna bomba kwa sababu yangu. Mradi wa maji umeweka sharti: kila nyumba iwe na choo kwanza, ndipo mabomba yaje. Choo chetu kilititia na mvua za mwaka jana. Nikasema nitachimba kingine. Sijachimba. Tunakwenda vichakani nyuma ya machimbo ya mawe, mimi na mkongojo wangu. Mkwe wangu, mke wa kijana, anashuka bondeni kila asubuhi kuteka maji. Mimba mbele, dumu kichwani.

Sababu? Mwenyekiti wa kamati ya maji ni fundi cherehani wa pale kona. Nilimfundisha darasani. Kwenye mtihani wa usafi alichora nzi mwenye miguu minane. Sifundishwi habari za nzi na mtu huyo.

Kaja leo, tepu shingoni. Nikamwambia wavumilie, tunda bivu halipigwi fimbo, karibuni nitaanguka mwenyewe. Akajibu kwa adabu zote: “Mwalimu, hatuombi ufe. Tunaomba uchimbe.”

Jumanne, 4 Machi

Habari mpya. Bwana afya anakagua Jumamosi. Nyumba yenye shimo tu itahesabiwa, mradi shimo liwe la kweli.

Nikawaza. Shimo nitalihitaji hata hivyo, na si siku nyingi. Kwa nini tuchimbe mara mbili?

Nimemwita mchimbaji. Hapa kwetu ndiye huyo huyo, vyoo na makaburi. Nikamweleza: Jumamosi liitwe choo, wakaguzi wakiondoka lifunikwe mabati, siku yangu ikifika nilale humo. Akakaa juu ya mpini wa koleo, akafikiri. Akasema choo husimama, kaburi hulala. Nikamwambia alilaze. Akauliza urefu, nikampa wangu. Akakiri kwamba katika kazi yake hajawahi kupewa kipimo na mwenyewe.

Nimemwapisha asimwambie mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Shimo limekwisha. Zuri. Pembe zimenyooka. Nimekaa kando yake na kigoda, nikaridhika.

Mkwe wangu akalitazama sana. Akauliza, Baba, choo gani hiki cha kulala? Nikasema ni mtindo mpya, wa familia kubwa. Akaniamini. Akasema sasa bomba litakuja, mgongo wake utapona, na mtoto atazaliwa nyumba yenye maji. Akaniletea chai yenye sukari niliyokatazwa. Dhamira ilinichoma kidogo. Sukari ikasaidia.

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbaya.

Bwana afya kaja na kamati na nusu ya mtaa. Kapima kina, kasifu. Fundi cherehani akatoa tepu, akapima urefu, mara moja, mara mbili. Akanitazama kuanzia kisigino hadi kofia. Kisha mbele ya watu wote: “Mwalimu, kipimo hiki nakijua. Hii ni suti yako ya kustaafu.”

Alinishonea yeye. Nilikuwa nimesahau.

Walicheka mpaka mchimbaji akajificha nyuma ya banda la kuku. Mkwe wangu hakucheka. Aliangalia tumbo lake, akaangalia shimo, akaingia ndani. Hicho ndicho kilichoniuma.

Bwana afya hakuelewa mzaha. Kasema urefu huu unatosha milango miwili, lakini slabu ziwekwe leo hii, asije mtu akatumbukia. Nikadai zege linahitaji muda kukauka. Fundi akajibu kwamba slabu za kwangu kamati ilizimwaga tangu mwaka jana, zimekauka, zinanisubiri. Kumbe kweli. Wakazibeba. Jirani mmoja kaleta mabati, mwingine milango. Alasiri choo kimesimama, na kibuyu chirizi cha kunawia mikono kinaning'inia pembeni, na sabuni yake kwenye kamba.

Jumapili, 9 Machi

Mkwe wangu alikuwa wa kwanza kuingia. Nikasikia komeo. Kaburi limekwenda.

Wa pili ni fundi cherehani, mlango wa kushoto, bila hodi. Akanawa mikono polepole, kucha moja moja, ili nione. Kisha akaniamkia shikamoo.

Jumanne, 11 Machi

Mafundi wameanza mtaro wa bomba. Mkwe wangu ananisemesha tena. Kaniletea chai, bila sukari.

Nakiri pia kwamba nimekitumia choo. Mlango wa kulia. Kimetulia, hakina nzi, wa miguu sita wala minane. Fundi asijue.

Ila sina pa kulala. Bwana afya kapita, kasema bomba litasimama kwenye kona ya ua wetu, kwa hiyo tuchimbe shimo la mawe la kupokea maji yanayomwagika. Nikamuuliza urefu gani. Kasema wowote, Mwalimu, chagua mwenyewe.

Nimemtuma mtu kwa mchimbaji. Kaja kwa mlango wa nyuma na koleo lake, akauliza kama kipimo ni kile kile.

Nimemwambia aongeze kidogo. Safari hii nitavaa viatu.