Mashine ya Mwanyumba

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku mbaya. Pasi ya mvuke imeniaibisha mbele ya mtu ambaye sitaki anione hata nikipiga chafya. Nilikuwa namalizia suti nyeusi ya mwanyumba. Yeye kaoa dada mkubwa, mimi nimeoa mdogo, na tangu siku ya harusi ananitangulia kwa kila kitu. Alikuwa pale pale dukani, kakalia kiti changu cha wateja. Pasi ikakohoa, ikatema unga mweupe mgongoni mwa koti. Nikasema ni chaki ya kuchorea nguo. Akacheka. Akasema si chaki, ni maji ya bomba ya mji huu, magumu, yanaacha chokaa kila yanapopita. Yeye ameshasahau shida hizo. Ameweka mashine ya kuyalainisha.

Mashine! Nani alimuuliza?

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekagua nyumba. Kumbe tunaishi ndani ya chokaa! Birika la umeme lina ukoko mweupe, unene wa kucha. Bomba la kuogea lina matundu arobaini. Yanayotoa maji ni matatu, na moja linapiga ukutani. Taulo likikauka linasimama lenyewe. Miaka tisa sikuona lolote. Leo naona kila kitu.

Mke wangu alikwenda kumsalimia dada yake. Amerudi nywele laini, zinang'aa. Anasema kule sabuni ni tone moja tu, povu hadi kwenye nyusi. Akaongeza kwamba shemeji amefanya jambo la maana. Shemeji! Mimi niliyemshonea magauni kumi na moja sijawahi kufanya jambo la maana. Roho imeniuma, nikakataa kula. Baadaye nikala kidogo. Sahani mbili.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimepeleleza. Nilikwenda kwa mwanyumba kwa kisingizio cha kupima upya suruali. Mashine iko nyuma ya jiko, mtungi mkubwa wa bluu. Nikamwona kwa macho yangu anafungua kifuniko na kumimina mfuko mzima wa chumvi. Akafunga, akajipangusa mikono kama daktari.

Basi! Siri yote ni hiyo! Anatutambia mjini kwa chumvi! Wahenga walisema akili ni nywele, lakini hawakuniona mimi na upara wangu. Mashine ya nini, mtu mwenye tangi juu ya paa?

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Asubuhi nimepandisha mifuko mitano ya chumvi juu ya paa, nikaimimina yote kwenye tangi. Nimekoroga kwa fimbo ya pazia. Kiuno kimekufa. Nikamwambia mke wangu leo asiende popote, aoge nyumbani, ataona maajabu.

Ameyaona. Ametoka bafuni macho mekundu, anauliza kama nimemchoka. Chai haikunyweka. Sabuni imegoma kabisa kutoa povu. Nilisahau pia kwamba tangi ni letu sote, sisi na mama mwenye nyumba anayekaa chini. Amepanda ngazi na kikombe mkononi, akanitaka nionje. Nikaonja. Nikasema huu ni uzembe wa watu wa maji, hawana haya! Akaandika barua ya malalamiko. Nimeitia saini wa kwanza, kwa hasira za kweli.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mke wangu ameikuta mifuko mitupu chini ya kitanda. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema nimemtesa bure kwa kijicho changu, na kwamba anakwenda kwa dada yake mpaka nyumba hii iwe na maji ya binadamu. Akabeba begi. Pale mlangoni alisimama kidogo. Nilijua la kusema ni samahani. Nikamuuliza kama mwanyumba ndiye anayekuja kumchukua na gari.

Ndiye aliyekuja. Na suti yangu mwilini!

Jumatano, tarehe 12 Machi

Tangi nimeshaliosha, chumvi imekwisha, lakini nyumba kimya. Kitanda kipana mno. Nampikia nani? Nimekwenda kumsalimia. Nimewakuta sebuleni, yeye na dada yake, nywele zinameremeta, wanacheka. Nilipoingia wakaacha.

Nikasema naenda kunawa. Nyuma ya jiko kulikuwa hakuna mtu. Ule mtungi una koki ubavuni. Ukiizungusha, maji yanapita pembeni bila kuingia ndani. Nikaizungusha. Nikarudi sebuleni, nikasifu mapazia.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Ushindi! Kwa mwanyumba povu limekata. Vyombo vina madoa. Dada mtu ananuna. Mwanyumba kakasirika, anasema mashine imekufa, hataki hata kuiona, shemeji yake akitaka aichukue. Mke wangu ameichukua! Kesho fundi bomba ataileta kwetu. Mungu hamtupi mja wake.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Fundi amefunga mashine. Imefanya kazi papo hapo. Akanivuta pembeni, akasema haikuwa mbovu, ni koki tu iliyofungwa na mtu. Nikamwomba asiseme, nikampa shati jipya. Amelipokea. Ni mpole, ingawa ana maneno mengi.

Mke wangu amerudi! Ameoga saa nzima, anaimba. Ametoka, akaniwekea mkono begani, akasema nyumba sasa ni nyumba. Nilitaka kulia. Nikajiuliza tu mwanyumba anajisikiaje.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Nimekwenda kumwangalia anavyoteseka. Hateseki! Nimemkuta anakunywa maji ya bomba, glasi ya tatu, anajipiga kifua. Kanieleza kwamba fundi alimpitia Jumapili wakaongea mengi, na tangu hapo amegundua maji magumu ndiyo maji. Yana madini. Mifupa inakuwa chuma, meno yanakaza, mwanamume anarudi ujanani. Anawahurumia wanaokunywa yale laini. Akanitazama magoti.

Kweli, magoti yananiuma tangu Jumapili!

Anitangulie tena? Hapana. Leo mke wangu alipoingia kuoga, nimemwita fundi, tumeing'oa mashine haraka na nimempelekea mwanyumba mlangoni kwake. Nimemwambia kipenzi cha mtu hakinyang'anywi. Dada mtu ameipokea kwa mikono miwili. Mwanyumba amecheka mpaka akashika ukuta, na fundi naye. Machungu ya kushindwa yanamfanya mtu acheke ovyo.

Nimerudi. Mke wangu bado yuko bafuni, sabuni kichwani, anauliza povu limeenda wapi. Nimemjibu atulie, nimeokoa mifupa yetu. Ameomba nimtolee lile begi kubwa. Bila shaka kuna nguo anataka kufua.