Wasimamizi Wawili wa Kalista

Jumatatu, 26 Oktoba 1992

Mkoa huu wa Rukwa una watu watatu wa maana, na wawili kati yao hawafanyi jambo bila kuniuliza. Sikusema mimi. Yalisemwa kilabuni, nami sikukanusha. Shule niliachia darasa la tano, mwalimu akiwa amebaki hana cha kunifundisha.

Barua kutoka kijijini Mwazye. Dada yangu Coleta ana magunia arobaini ya mahindi nje, juu ya vichanja, yamefunikwa nyasi. Zamani chama cha ushirika kilikuja na lori lake. Siku hizi biashara ni ruksa, kila mtu atafute lori mwenyewe. Mnunuzi yupo Laela, anangoja. Mvua ikitangulia, mahindi yataota humo humo magunia, ada itakosekana, na bintiye Kalista, anayekaa kwangu hapa mjini, sekondari aisahau. Coleta anauliza: si wewe uliyesema unafahamiana na watu?

Nimemjibu atulie. Nafahamiana.

Jumanne, 27 Oktoba

Nimefikiri tangu asubuhi. Silvana, mama mfanyabiashara wa hapa mjini, ana lori, Isuzu. Ananijua kwa sura, maana mwaka juzi nililisukuma lori lake likiwa limekwama. (Tulikuwa watu kumi na mmoja, lakini mimi nilikuwa katikati.)

Kumwomba mtu lori hivi hivi ni ushamba. Mtu unamfanya ndugu kwanza, lori linakuja lenyewe. Kalista anapata kipaimara Jumapili. Msimamizi akishaweka mkono kwenye bega la mtoto ni ndugu kamili. Atamnyimaje mjomba wa mtoto?

Nimekwenda kwa Silvana. Akauliza kwa nini yeye, na huyo mtoto hata hamjui. Nikasema mtoto anamtaja usingizini. Akasema haya, atakuja.

Jumatano, 28 Oktoba

Lori la mahindi bila kibali linaishia kwenye kizuizi cha barabarani. Anayegonga mhuri wa vibali ni Luciana, ofisi ya biashara. Nimemwomba naye awe msimamizi. Alifurahi mpaka akaacha kazi, akaanza kuniuliza rangi ya gauni la mtoto. Nikasema nyeupe, nikikisia.

Wasimamizi wawili. Mtoto naye ana mabega mawili. Sioni tatizo.

Ijumaa, 30 Oktoba

Mawingu upande wa ziwa. Kalista alitaka kuniambia jambo kuhusu Jumapili. Nikamwambia mambo ya Jumapili yako mikononi mwa wakubwa. Mke wangu Agnesi naye akafungua mdomo. Nikavaa koti nikatoka.

Jumapili, 1 Novemba

Siku ilianza vizuri. Coleta alifika na basi la kwanza, na mtungi wa pombe ya ulezi. Nikampa shikamoo, akanijibu na kuuliza lori liko wapi. Tulipoingia kanisani nikamwambia atazame benchi la mbele. Silvana kitenge kipya, Luciana kitenge kipya, kila mmoja na zawadi mapajani.

Akaitwa Kalista. Silvana akasimama. Luciana akasimama. Silvana akamwambia samahani mama, huyu ni wangu. Luciana akasema wako tangu lini, yeye ameombwa na mjomba mtu. Silvana akasema hata yeye ameombwa na mjomba mtu. Wakageuka wote kunitazama. Nikatazama dari. Wamelipaka rangi vizuri.

Kumbe na Agnesi amesimama. Katekista akafungua daftari, akasoma kwa sauti, hakuwa na sababu ya kusoma kwa sauti: mtoto mmoja, msimamizi mmoja, na jina la Agnesi limeandikwa tangu Agosti, mtoto alimchagua mwenyewe. Wengine wakae. Kanisa likacheka, wazee wa kwaya wakiwemo.

Nilidhani tumekosa lori na mhuri kwa pamoja. Lakini mlangoni Coleta aliwapigia magoti wale wawili, akawapigia makofi ya adabu ya Kifipa, akawaomba radhi kwa niaba ya ukoo. Akasema huyu mdogo wetu tangu utoto yuko hivi, twendeni mkapumzike. Wakaja nyumbani. Wakakaa jikoni na mtungi na Agnesi mpaka alasiri. Sikuitwa. Nilisikia jina langu mara sita, na kila mara kikafuata kicheko. Dalili nzuri.

Jumatano, 4 Novemba

Koneksheni zangu zimefanya kazi. Silvana ametoa Isuzu. Luciana amegonga mhuri. Alinipa karatasi bila kuinua macho, akasema mpelekee dada Coleta. Magunia yote arobaini yalifika Laela jana jioni, makavu. Mimi ndiye niliyeongoza msafara. Coleta amesema, Kasmir, aibu yako imetusaidia sana. Nimelisikia hilo la kusaidia tu.

Kalista atakwenda sekondari. Anajua nani wa kumshukuru. Kwa sasa anamshukuru Agnesi, bado mdogo.

Nimejifunza jambo moja: wasimamizi wawili ni wachache. Kuna mjukuu wa kubatizwa Krismasi, na tayari nimeshawaahidi watu wanne usimamizi. Mmoja ni Bundala, yule Msukuma mwenye ng'ombe themanini. Ameniambia yeye mwenyewe hajabatizwa. Nimemwambia hilo asihangaike nalo, tuanze kwa kumbatiza yeye, nitamsimamia mimi.

Kuhusu msafara, niandike sawasawa, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Mbele walikaa dereva, Silvana na Coleta. Mimi nilikaa juu ya magunia. Mvua ilitukuta njiani, na turubai lilitosha magunia tu.